Beki Iliyochemshwa: Kutoka Katoyi Hadi Lac Vert

Nilichemsha beki ya klarineti. Nalisema hili mwanzoni kabisa, ili mtu asije akadhani kwamba nilitoka Katoyi kwa kupenda kutembea. Mimi sipendi kutembea. Nauza unite za simu, muda wa maongezi, kwenye meza niliyoiweka mbele ya mlango wangu mwenyewe, ili hata nikiwa kazini niwe nyumbani, na mke wangu huwaambia wageni kwamba aliolewa na kiti kilichovaa suruali.

Beki ni kile kipande cheusi cha mdomoni. Unafunga ulimi wa utete chini yake, unaushika kwa midomo, unapuliza, ulimi unatetemeka, na klarineti inaanza kuongea. Bila beki, klarineti ni bomba lenye matundu. Sasa sisi watu wa Goma, maji yetu yanatoka ziwani, yanatufikia kwa bidoni za plastiki, na tangu utotoni kipindupindu kimetufundisha: kabla kitu hakijaingia mdomoni, kichemshe. Tunachemsha maji ya kunywa, chupa ya mtoto, kijiko cha mgeni. Hivyo Jumatano jioni niliitazama ile beki, nikakumbuka kwamba nayo huingia mdomoni, nikaitia kwenye sufuria juu ya mbabula, makaa yakiwa mekundu. Nikakaa pembeni, nimeridhika, kama mtu aliyefanya kazi ya usafi.

Harufu iliyotoka ilikuwa ya kiberiti, ile ile tunayoisikia mlima unapokuwa na hasira. Upande wa pili wa ukuta wa mbao, jirani yangu Mama Masika alitoka mbio na kuangalia Nyiragongo, mlima wetu wa moto.

“Kakule! Weye unasikia? Mulima unatoka?”

“Hapana, mama. Ni beki.”

“Beki gani?”

Hapo ndipo nilipotamani iwe ni mlima.

Maana klarineti ile ilikuwa ya bwana wake. Marehemu Papa Paluku alikuwa akiipiga kila jioni, ameketi kwenye kiti chake kifupi, mgongo umeegemea ukuta wetu, na mimi upande huu nimeegemea mbao zile zile nikisikiliza. Wimbo ulikuwa mmoja, wa kanisani, wa kufunga siku. Sauti yake ilikuwa na pumzi ndani yake, kitu kama birika linalokaribia kuchemka, na wimbo ukipita juu ya pumzi hiyo. Ndiye aliyenifundisha kushika vidole. Alipougua, alinipa mwenyewe sanduku la klarineti na kusema, “Isikae kimya.” Na Jumamosi hii familia inaondoa matanga. Ndugu wanapanda kutoka Butembo, chakula kitapikwa uani, na Mama Masika alikuwa ameniomba jambo moja tu: nipige ule wimbo, kwa klarineti ile, mbele ya ukuta ule.

Nilimwonyesha kilichotoka kwenye sufuria. Ilikuwa imegeuka rangi ya chai iliyomwagika, na ncha yake imejikunja kama mtu aliyeonja limau. Nilifunga ulimi, nikapuliza. Ilitoka hewa, na mate.

Mama Masika aliitazama, akanitazama mimi, akarudi kuitazama beki.

“Basi tafuta ingine,” akasema. “Leta yenye kulia.” Akaingia ndani kuchambua maharagwe yake.

Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningelala vizuri.

*

Alhamisi asubuhi, Katoyi. Nilivaa viatu vya Jumapili. Mke wangu aliponiona nafunga kamba aliuliza nani amekufa. Nikamwambia naenda kutafuta beki mpaka niipate, na nikisema mpaka niipate, maana yake ni hata ikiwa Sake, nje kabisa ya mji. Aliketi kwenye meza yangu ya unite, akaishika kwa mikono miwili kama mtu anayejaribu ukubwa wa kitu ambacho huenda akakirithi.

Nilichokuwa nakitaka kilikuwa wazi kichwani mwangu kabla sijavuka mfereji. Si beki yoyote. Nilitaka inayolia kama ya Papa Paluku. Mjane akifumba macho Jumamosi, amsikie bwana wake ameegemea ukuta. Kama sitaipata hiyo, bora niseme mbele ya ndugu wote kwamba nimeugua vidole.

Klarineti niliibeba ndani ya sanduku lake, nikalifunga kwa kitenge cha mke wangu. Ile beki iliyochemshwa niliitia mfukoni, kama mtu anayekwenda kwa mganga wa meno na jino lake mkononi.

Ndosho nilifika kwa miguu. Kwangu mimi Ndosho ndio mwisho wa dunia inayojulikana. Ninakuja huko kununua kadi za simu na kurudi. Njia ilikuwa imejaa kama kawaida: mafundi wa kuchomelea wakirusha cheche mpaka barabarani, chukudu, kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili, iliyobeba magunia ya makaa ikishuka na mwenyewe juu yake akipiga mluzi ili tuhame, vumbi jeusi la mawe ya volkano likipanda mpaka magotini mwa viatu vyangu vya Jumapili, kama viatu vina magoti. Nilimtafuta muuzaji mmoja wa vitu vilivyotumika, ambaye nilikumbuka ana tarumbeta imetundikwa mlangoni. Tarumbeta ilikuwepo. Ndani yake ndege alikuwa ameanza kujenga.

“Papa, uko na beki ya klarineti?”

“Niko na yote,” akasema, hata sikumaliza. Akainama chini ya meza, akachakura kati ya pasi na betri, akainuka na beki kubwa ambayo ningeweza kunywea uji.

“Hii ni ya saksofoni.”

“Ni ya klarineti ya mutu mukubwa.”

“Klarineti ni hii hapa. Haiingii.”

“Leta.” Alichukua klarineti yangu, akaivisha ile beki. Ilimeza ncha yote na kuteremka, kama kofia ya baba kwenye kichwa cha mtoto. Akaitikisa. Ikacheza. “Unazungushia karatasi,” akasema, bila haya. “Na kamba ya mupira. Mbele ya watu haionekane.”

“Itasikika.”

“Weye unapenda mambo mingi, papa. Watu wa matanga wanakula, hawasikilize.”

Nilitoa beki ya mfukoni nikamwonyesha, ili aone kwamba sikuja kucheza. Aliinusa. Aliwaita majirani zake wawili, nao wakainusa. Mmoja alitaka kujua niliichemsha na chumvi au bila chumvi. Walicheka mpaka fundi wa kuchomelea akavua miwani yake kuuliza kuna nini, naye akaelezwa, naye akanusa. Nilisimama palepale. Mguu wangu wa kushoto ulikuwa tayari umegeuka kuelekea Katoyi, nikaurudisha.

Yule muuzaji alipomaliza kupangusa macho, moyo wake ulilainika. “Enda Lac Vert,” akasema. “Uliza Mama Furaha, mwenye kuuza jibini ya Masisi. Kaka yake alikuwa mukubwa wa fanfari, wale wapiga tarumbeta. Alihamia Kampala, vitu vyake viko kwa ule mama. Hata miye nilienda kununua tarumbeta pale.”

“Lac Vert ni mbali?”

Akanitazama viatu. “Kwako, ndiyo.”

*

Kutoka Ndosho kwenda Lac Vert. Nilipanda pikipiki. Nasema nilipanda, motari, yule kijana mwenye kuiendesha, atasema nilibandikwa. Sanduku lilikaa katikati yetu, na juu ya sanduku mikono yangu ilimzunguka yule kijana mpaka vidole vikakutana mbele ya tumbo lake.

“Muzee,” akasema tulipoipita barabara ya Mugunga, “usinishike hivyo, nimeoa, niko na bibi kwangu.”

“Punguza mwendo, nitakuachilia.”

“Nikipunguza tena, tutasimama.”

Ziwa lilikuwa mkono wa kushoto, likionekana na kupotea kati ya nyumba. Mkono wa kulia ni mawe, mawe meusi yaliyomwagika zamani na kuganda yakiwa bado na mikunjo ya uji, na katikati ya mawe watu wamepanda maharagwe mahali ambapo mimi nisingeweza hata kukaa. Akina mama walikuja upande wetu na mizigo ya kuni mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso, wakiongea na kucheka chini ya uzito ambao ungenipeleka hospitalini. Niliona haya kidogo kwa namna nilivyomshika yule kijana. Nikaachia mkono mmoja. Tukaruka jiwe. Nikaurudisha.

Karibu na kilima ambacho nyuma yake kuna lile ziwa dogo la kijani, motari alisimama, akauliza, akaonyeshwa nyumba ya mbao yenye ua wa miti ya mivumu. Nilishuka nikiwa bado nimekaa umbo la pikipiki.

Lac Vert, jua likiwa juu. Mama Furaha alikuwa mwanamke mrefu, wa milima ya Masisi, sauti yake ni ya mtu aliyezoea kuongea na ng'ombe walio ng'ambo ya bonde. Uani kulikuwa na ng'ombe mmoja na ndama wake. Wengine, alisema, walibaki juu, na hakusema zaidi, nami sikuuliza. Nilimweleza shida yangu yote, ya sufuria na ya matanga. Kwenye sufuria alicheka. Kwenye matanga aliacha kucheka, akaenda kuniletea maziwa kabla ya kuleta kitu kingine chochote. Motari naye alipewa. Hakuna biashara kwa wageni ambao hawajanywa.

Kisha akatoa kopo la bati. Ndani, katikati ya vitambaa, kulikuwa na beki tatu.

“Miye sijue hata moja,” akasema. “Miye najua maziwa. Weye piga, sisi tutasikiliza. Na Kahenge atasikiliza.” Kahenge alikuwa ndama.

Nilitoa ulimi wangu wa utete, nikaulowesha mdomoni, nikafunga ya kwanza. Ilikuwa nyeusi, safi, na duara ya dhahabu shingoni. Nikapiga mstari wa kwanza wa wimbo wa Papa Paluku. Sauti ilitoka yote, duara, laini, bila kunilazimisha, kana kwamba mimi ni mpigaji. Mama Furaha, aliyekuwa amesimama, aliketi. Ndama aliacha kunyonya. Hata mimi niliposimama mwisho wa mstari niliangalia nyuma kuona nani amepiga.

“Hii,” akasema Mama Furaha. “Imekwisha. Chukua hii.”

“Ngoja, mama. Tujaribu zote.”

Ya pili ilikuwa ya plastiki nyeupe iliyogeuka njano, mdomo wake wazi sana. Niliijaza hewa mpaka masikio yakafunga, ndipo ikatoa mlio mmoja wa kupasua mbao. Ng'ombe alikata kamba. Ilibidi motari amfukuze kuzunguka nyumba, na Mama Furaha akiwa mlangoni akimwelekeza, “Si mukia! Usishike mukia!” Waliporudi wote wawili wakihema, ile ya pili ilikuwa imekwisha kurudi kwenye kopo, na mfuniko juu.

Ya tatu ilikuwa nzee. Ilikuwa na alama za meno ya mtu, na pembeni mwa ncha kipande kidogo kama kipele kimevunjika. Niliifunga bila matumaini, nikapiga mstari ule ule. Na hapo, chini ya wimbo, ikaja ile pumzi. Fffff. Birika linalokaribia kuchemka. Nilikuwa Lac Vert, na mgongo wangu uliona mbao za Katoyi.

“Ndiyo hii,” nikasema.

Mama Furaha alifikiri natania. “Hii inavuja.”

“Inavuja vizuri.”

“Mutoto yangu, ulipita Ndosho yote na Mugunga yote kuja kutafuta yenye kuvuja? Ulikuwa na ingine kwako!”

“Ile ya kwangu hailii kabisa. Hii inalia kama marehemu. Hii ndiyo sauti yake, mama. Nimeisikia kila jioni kupitia ukutani.”

“Na mujane alikuambia anataka hii sauti?”

“Mambo kama hayo hayasemwi.”

“Aa.” Alikunja mikono. “Piga ya kwanza tena.”

Nilipiga ya kwanza tena. Ndama aliacha kunyonya tena. Nikapiga ya tatu. Ndama akarudi kwa mama yake. Motari, ambaye hakuna mtu aliyemwuliza, alisema yeye pia anafuata ndama. Nilikuwa peke yangu upande mmoja, na watu wawili na ng'ombe wawili upande mwingine, na sijawahi katika maisha yangu kujisikia nina hakika kama siku ile. Mimi ambaye huwa naulizia nyumbani rangi ya shati la kuvaa! Nikasema hapana. Nikasema sikuja kutafuta beki nzuri, nilikuja kutafuta ya Papa Paluku. Nikasema mengine marefu juu ya heshima ya wafu, ambayo sitayarudia hapa.

Mama Furaha alinisikiliza mpaka mwisho, akaitia ile ya tatu katika kitambaa na kunipa. Bei hatukubishana, nadhani alinionea huruma.

“Hii ya dhahabu naiweka juu ya kabati,” akasema. “Kesho jioni mutu wa fanfari ya Sake anakuja kuiangalia. Mbele ya kesho jioni, unaweza kuja kubadilisha. Sitakuuliza kitu.”

“Asante, mama. Sitarudi.”

“Nimesikia,” akasema, na kumfungia motari kipande cha jibini, kwa kumkimbiza ng'ombe.

*

Kurudi, alasiri. Mahali fulani kabla ya Mugunga kulikuwa na kizuizi, na mwenye kizuizi alitaka kujua ni nini kirefu hivyo kimefungwa kwa kitenge. Nilifungua. Akasema kama ni kitu cha muziki, kipige. Nilisimama kando ya barabara, magari yakipita, nikapiga mstari wa Papa Paluku kwa moyo wangu wote. Alisikiliza kichwa kikiwa kimeinama.

“Hii kitu iko na pumu?” akauliza.

“Ndivyo inavyotakiwa.”

“Pole,” akasema, na kutuinulia kamba.

Motari alicheka kutoka pale mpaka Ndosho. Nilizihisi mbavu zake chini ya mikono yangu. Lakini mimi sikuyumba. Nilikuwa naurudia wimbo kichwani, si kuhesabu mawe. Tulipoingia Katoyi nilikuwa nimeachilia mikono yote miwili, nimeshika sanduku tu, na majirani walioniona walisimama kuangalia kiti kilichovaa suruali kikipita kwa mwendo.

Katoyi, jioni. Nimejifunza nini? Kwamba barabara ya kwenda Sake haiui, hata kwa mtu kama mimi. Kwamba beki isiingie kwenye sufuria; maji ya vuguvugu na kitambaa vinatosha, na nawaandikia hili vijana wote wa fanfari wenye mama wasafi. Kwamba beki haichaguliwi kwa dhahabu ya shingoni bali kwa masikio. Jambo la nne, kubwa kuliko hayo, nililijua dakika chache baadaye, na ningeweza kulijua Jumatano bila kuvaa viatu, kwa kugonga ukuta na kuuliza.

Sikungoja hata kunywa maji. Nilikwenda upande wa pili, nikamkuta Mama Masika ameketi kwenye kile kiti kifupi cha bwana wake, sinia ya maharagwe mapajani. Niliegemea ukuta mahali alipokuwa akiegemea Papa Paluku, nikafunga macho, nikapiga wimbo wote, kutoka mwanzo mpaka mwisho, na ile pumzi ikipita chini yake, fffff, kama zamani.

Nilipofungua macho, mkono wa Mama Masika ulikuwa umesimama hewani na harage moja ndani yake. Mke wangu alikuwa ametokea mlangoni. Nilijua nimeshinda.

“Ni yeye, mama?” nikauliza kwa sauti ndogo.

Mama Masika aliliweka lile harage kwenye sinia, pamoja na yale mabovu.

“Ni yeye kabisa,” akasema. “Miaka yote ile nilivumilia ile kelele sababu alikuwa bwana yangu, Kakule. Weye si bwana yangu. Kesho asubuhi panda piki, rudisha hiyo kitu, leta ingine.”